Mkoa Mmoja, Dini Moja



Wapendwa wanaparokia na wasomaji wote wa ukurasa huu, juma hili naomba mnivumilie niandike juu ya mchezo wa kompyuta. Najua baadhi yenu mtashangaa, na wazee wetu wa Halmashauri ya Parokia huenda wakauliza kama padre amekosa kazi. Lakini mchezo wenyewe unagusa jambo ambalo Kanisa limelihangaikia kwa karne nyingi, nalo ni jinsi mtu anavyoipata dini, au jinsi anavyopachikwa dini na wakubwa wake.

Mchezo huo unaitwa Europa Universalis IV. Ulitolewa mwaka 2013 na kampuni ya Paradox ya jijini Stockholm, Sweden. Hauna kukimbizana wala kufyatuliana risasi. Mchezaji huwekewa mbele yake ramani ya dunia, akachagua dola moja miongoni mwa mamia, iwe Ufaransa au Venisi, Kongo au Kilwa, kisha akaiongoza kuanzia mwaka 1444 hadi 1821. Anakusanya kodi, anatuma mabalozi, anaoza watoto wa kifalme, anapigana na kufanya suluhu, anaamua wamisionari waende wapi. Vijana wetu wanaucheza katika ukumbi wa parokia kwa kutumia kompyuta moja kuukuu inayonguruma kama mashine ya kusaga. Mzazi mmoja aliniomba niupige marufuku kutoka altareni. Nikaona ni vema niujue kwanza huo ninaotakiwa kuulaani, nikawaomba vijana wanifundishe, na sasa ni miezi kadhaa kila Jumanne baada ya Masifu ya Jioni naketi nao. Sioni haya kusema kwamba unanifurahisha.

Kalenda ya mchezo inafunguliwa tarehe 11 Novemba 1444. Kwetu sisi hiyo ni siku ya Mtakatifu Martino wa Tours, yule askari aliyeligawa joho lake kwa maskini kisha akaacha jeshi. Katika historia ya Ulaya ni siku iliyofuata maafa ya Varna, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi. Katika kiangazi cha mwaka huo Władysław wa Tatu, mfalme wa Poland na Hungaria, alifikia mapatano ya amani ya miaka kumi na Sultani Murad wa Pili wa dola ya Waosmani. Kardinali Giuliano Cesarini, mjumbe wa Papa Eugenio wa Nne, akawashawishi Wakristo kwamba kiapo walichompa mtu asiye Mkristo hakiwafungi. Jeshi likaenda, likafika Varna, na tarehe 10 Novemba likasambaratishwa. Mfalme, kijana wa miaka 20 tu, aliuawa vitani. Kardinali naye hakurudi. Ndiyo maana anayechagua kuiongoza Poland katika mchezo huu anakuta kiti cha enzi kitupu siku ya kwanza kabisa.

Katika jambo hili kompyuta ina maadili mazuri kuliko Kardinali. Ukivunja suluhu kabla ya muda wake kwisha, uthabiti wa dola yako unaporomoka papo hapo, na adhabu hiyo haipungui eti kwa sababu uliyemvunjia ahadi ni wa dini nyingine. Majirani nao wanaanza kukuchukia na kukuogopa, hata wale ambao hukuwagusa, na chuki ikizidi wanaungana dhidi yako. Kweli, wanakasirika zaidi ukimnyang'anya ardhi mtu wa dini yao kuliko wa dini nyingine. Hapo watengenezaji wamemsoma binadamu vizuri.

Lakini upo mlango mmoja ambao mchezo umeufunga kabisa, na ningependa kuusemea. Nyumba ya kifalme ya Kikristo haiwezi kuoana na ya Kiislamu. Kitufe cha ndoa hakibonyezeki. Nikawauliza vijana: na Mara je? Hawakumjua. Mara Branković alikuwa binti wa Đurađ, mtawala wa Serbia, Mkristo wa Kiorthodoksi. Katika miaka ya 1430 aliozwa kwa Sultani Murad, yule yule wa Varna. Alikaa katika jumba la Sultani akabaki Mkristo, na mumewe alipofariki mwaka 1451 alirudi kwao akiwa Mkristo vile vile. Tena mwaka 1444 yeye alikuwa miongoni mwa waliofungua njia ya mazungumzo kati ya mumewe na baba yake, na ndiyo hayo yaliyozaa mapatano ambayo Kardinali aliyavunjilia mbali. Basi amani iliyovunjwa muda mfupi kabla ya mchezo kuanza ilipitia mikononi mwa mke ambaye kwa kanuni za mchezo hawezi kuwapo.

Sasa nije kwenye dini yenyewe. Kila mkoa kwenye ramani una dini moja tu. Hakuna mkoa wenye Waislamu wengi na Wakristo wachache, wala mtaa wenye msikiti na kanisa. Ukiuteka mkoa wa watu wa imani nyingine, una njia mbili. Unaweza kuwavumilia, na mchezo una hesabu ya uvumilivu kwa waamini wenzako, kwa wazushi na kwa wapagani, ambayo unaweza kuikuza kwa kuchagua sera za utu. Au unaweza kumtuma mmisionari. Mmisionari huyo hana jina wala uso. Anagharimu fedha kila mwezi, na kando yake unatokea mstari unaojaa kidogo kidogo kuelekea asilimia mia. Ukijaa, mkoa mzima umeongoka siku hiyo hiyo, bibi vizee na wachunga mbuzi pamoja. Ukichagua sera za kidini badala ya za utu, mstari hujaa upesi zaidi, na juu yake unapewa sababu ya kudumu ya kuwapiga vita majirani wasioamini kama wewe.

Sisi Wakatoliki tuna hesabu yetu ya pekee. Tunakusanya alama za ushawishi mbele ya Baba Mtakatifu, na alama hizo zinaweza kutumika kununua uthabiti wa dola, au kuwekwa akiba ili Papa mpya atakapochaguliwa dola yako iwe ndiyo yenye kauli Roma. Nilipoliona jambo hilo nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa maana yeyote aliyesoma historia ya Mapapa wa karne ya 15 na ya 16 hawezi kusema kwamba Waswidi hawa wametusingizia.

Na mnamo miaka ya 1510 na 1520 mchezo unaleta Matengenezo ya Kiprotestanti, na mfalme wa Kikatoliki anaweza kubadili dini ya dola kwa kubonyeza kitufe. Vijana wanakaa na kalamu na karatasi wakipiga hesabu: tukibaki na Roma tunapata hiki, tukienda kwa Waprotestanti tunapata kile. Ni katika hesabu hiyo kijana mmoja wa kidato cha nne aliniuliza, huku wenzake wakitazama chini, "Padre, ni dhambi kubadili dini kwa sababu ile nyingine ina faida zaidi?"

Nilimjibu kwamba katika mchezo si dhambi, kama ambavyo kumla mfalme wa mwenzio kwenye sataranji si uuaji. Lakini swali lake lilikuwa pana kuliko mchezo, naye alijua hivyo, maana alikuwa amelitamka kwa sauti ya chini.

Nikawasimulia habari za Ethiopia, kwa kuwa ndiyo dola niliyoichagua mimi. Katika mchezo dini yake imeandikwa Koptiki, jina ambalo Waethiopia wenyewe hawalitumii. Wao husema Tewahedo. Niliwateka Adal, jirani Mwislamu wa mashariki, nikapeleka mmisionari, na mstari ukajaa taratibu wakati nikishughulika na mambo mengine. Sikufikiria hata mara moja juu ya mtu yeyote aliyekuwa akiishi pale. Ndivyo mchezo ulivyoundwa, kwamba watu wasionekane.

Katika historia ya kweli mambo yalikwenda kwa namna nyingine kabisa. Imamu Ahmad wa Adal aliishambulia Ethiopia akaishinda vibaya mwaka 1529, na makanisa mengi yakateketea. Mwaka 1541 Wareno wapatao 400 wakiongozwa na Cristóvão da Gama, mtoto wa Vasco da Gama, walikuja kuwasaidia Wakristo. Cristóvão alikamatwa akauawa mwaka uliofuata, na mwaka 1543 Imamu naye akafa vitani. Kuanzia hapo Ethiopia ilikuwa na deni la damu kwa Wakatoliki, na Wakatoliki wakaanza kutazamia kulipwa.

Malipo yalielekea kupatikana kwa njia njema. Mwaka 1603 aliingia Mjesuiti Mhispania, Padre Pedro Páez. Huyu alikuwa amejaribu kuingia mapema zaidi akakamatwa njiani, akakaa kifungoni Yemeni kwa miaka kama saba. Alipofika hatimaye alijifunza Kiamhari na Kigeez, akafundisha watoto, akajenga, akaketi na watawa wa nchi akijadiliana nao kwa heshima. Mtawala Susenyos, aliyeshika kiti mwaka 1607, alimpenda. Mwaka 1622 Susenyos aliukiri Ukatoliki hadharani. Mwaka huo huo Páez alifariki.

Aliyemfuata alikuwa Patriarki Afonso Mendes, aliyefika mwaka 1625. Mwaka 1626 Mtawala alipiga magoti akaapa utii kwa Papa, na kwa macho ya Roma kazi ilikuwa imekwisha. Kitufe kilikuwa kimebonyezwa. Mendes akaanza kuutekeleza uamuzi huo kana kwamba nchi nzima ni mkoa mmoja kwenye ramani. Waamini waliokuwa wamebatizwa tangu utotoni katika Kanisa lenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja walitakiwa kubatizwa tena. Mapadre wao walitakiwa kupewa daraja upya, na makanisa yao kutabarukiwa upya. Sabato ya Jumamosi, tohara na kalenda ya mifungo waliyoachiwa na mababu vikapigwa vita. Ndugu zangu, jaribuni kuwaza bibi mmoja wa kijijini, aliyefunga Kwaresima zote za maisha yake, akiambiwa na mgeni kwamba ubatizo wake ulikuwa maji tu.

Nchi ikaasi, mkoa baada ya mkoa. Mwezi Juni 1632 jeshi la Mtawala liliwashinda waasi wa Lasta katika mapigano ambamo maelfu waliuawa, nao walikuwa Wakristo, wakulima wa nchi yake mwenyewe. Muda si mrefu baada ya ushindi huo Susenyos alitangaza kwamba watu waruhusiwe kuirudia imani ya baba zao, akamwachia mwanawe Fasilides kiti, na mwezi Septemba akafariki. Hakuwa ameshindwa vitani. Alishinda, kisha akawatazama aliowashinda. Fasilides aliwafukuza Wajesuiti, na kwa muda mrefu sana mmisionari Mkatoliki aliyejaribu kuingia Ethiopia alihatarisha shingo yake.

Vijana walinyamaza. Kisha mmoja akasema kwamba katika mchezo Susenyos angengoja tu waasi wachoke. Ni kweli. Katika mchezo ukiwa na fedha na askari wa kutosha waasi huchoka, na mstari hujaa.

Hapa inanipasa kuwa mwangalifu, maana ni rahisi kwa padre kusema kwamba imani ya kweli haiingii kwa mlango wa faida, halafu akafunga hotuba. Baba yangu mzazi alibatizwa shuleni. Shule ya misheni ndiyo iliyokuwa karibu, na mtoto aliyetaka kuendelea na masomo alijua la kufanya. Babu alibaki Mwislamu mpaka tukamzika kwa taratibu zake, na nakumbuka baba amesimama nyuma ya waliokuwa wakisali, mikono ikiwa mbele, kimya. Sijui padre aliyembatiza alimwuliza maswali gani. Ninajua kwamba baba huyo aliniamsha alfajiri kwa miaka mingi kwenda Misa, na kwamba alikufa na rozari mkononi. Basi Mungu hupita hata pale ambapo sisi tumeweka hesabu zetu. Lakini hilo ni jambo la Mungu. Halitupi sisi ruhusa ya kupiga hesabu kwa niaba ya wengine.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilisema waziwazi tarehe 7 Desemba 1965, katika tamko juu ya uhuru wa dini, kwamba mtu asilazimishwe kutenda kinyume na dhamiri yake katika mambo ya imani. Sheria za Kanisa nazo zinakataza mtu kushurutishwa kuupokea Ukatoliki. Hayo yaliandikwa kwa ajili ya madola, lakini mimi nayakumbuka zaidi ofisini, msimu wa ndoa unapokaribia.

Kwa maana hapo ndipo ninapokikuta kitufe. Anakuja mama wa bwana harusi, kadi zimekwisha chapishwa, ukumbi umelipiwa, na binti aliyekaa pembeni ni wa familia ya Kiislamu. "Padre, utubatizie huyu kabla ya mwezi kwisha." Humo hamna Patriarki wala jeshi, ila koo mbili zinazotaka ramani iwe rangi moja. Na upande wa pili wanakutana na yale yale: watoto wetu wanaotamkishwa shahada siku mbili kabla ya nikahi, kisha nyumbani tunawasusa kana kwamba wamefariki.

Wapo wengi wasiojua, kwa hiyo nalisema tena hapa. Kanisa halidai kwamba asiyebatizwa abatizwe ndipo aoane na Mkatoliki. Askofu anaweza kutoa ruhusa, na ndoa ikafungwa kanisani kihalali, kila mmoja akiwa na dini yake. Mkatoliki anaahidi kuilinda imani yake na kufanya awezalo watoto wabatizwe na kulelewa katika Kanisa. Mwenzake anafahamishwa ahadi hiyo, naye haahidi lolote juu ya dini yake mwenyewe. Anayetaka kubatizwa kwa moyo wake, karibu, lakini njia ni ukatekumeni, na ukatekumeni una muda wake.

Binti mmoja nilipobaki naye peke yake nilimwuliza kwa nini anataka ubatizo. Alinitazama akasema, "Nimeambiwa nijibu ndiyo kwa kila utakachoniuliza." Sikumbatiza. Niliandika kuomba ruhusa kwa Askofu, ndoa ikafungwa tarehe ile ile iliyokuwa kwenye kadi. Mama mkwe ananilaumu mpaka leo kwamba nilimnyima Mungu roho moja. Yule mwanamke huja Misa na mumewe Jumapili chache, anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na mwezi wa Ramadhani simwoni kabisa. Hajaomba ubatizo. Tunasalimiana vizuri.

Kuhusu Ethiopia, vijana waliniuliza iliishaje. Wamisionari walirudi mwaka 1839, katika mtu wa Mtakatifu Yustino de Jacobis, Mvinsenti kutoka Italia. Alivaa kama watawa wa nchi, akala chakula chao, akajifunza lugha zao, akatetea Wakatoliki wa Ethiopia wasali kwa madhehebu yao ya Kigeez badala ya kupewa Misa ya Kilatini; na mpaka leo wapo wanaosali hivyo. Miongoni mwa waliomjia alikuwa mtawa msomi wa Kiorthodoksi aliyeitwa Gebre Mikael. Walisafiri pamoja hadi Roma mwaka 1841, na hata hivyo mtawa huyo hakufanya haraka. Alisoma, akauliza, akabishana, na ni mwaka 1844 tu alipopokelewa katika Kanisa Katoliki. Alikufa kifungoni akiwa katika minyororo mwaka 1855, na Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri mwaka 1926.

Kalenda ya mchezo inafungwa mwaka 1821, kwa hiyo wawili hao hawamo.